Karafuu Kwenye Kisahani

Siwezi kukaa karibu na karafuu iliyosagwa. Ikiwa nzima naivumilia, hata kwenye pilau naivumilia, lakini ikishapigwa kinu ikatoa mafuta yake, popote nilipo nitatafuta sababu ya kutoka. Maneno haya nimeyaandika nikayafuta zaidi ya mara moja, kwa kuwa sipendi kuisingizia karafuu. Haikufanya kosa. Kila nikikaa kuandika mambo ya marehemu dada yangu najikuta natafuta wa kumlaumu, na kila nikimpata namwonea huruma. Skuli niliishia kidato cha pili, basi sijui kama wenzangu waliosoma huandika hivi. Naandika nilivyoyaona.

Dada alikuwa somo. Kwa asiyeijua kazi hiyo, somo ndiye anayemtayarisha bibi harusi. Anamsinga, yaani anamsugua mwili mzima kwa manukato ya kusagwa, anampaka hina, anamfunza ya kumfunza, na siku yenyewe hambanduki. Mama yetu alikuwa somo kabla yake. Tulikaa wawili katika nyumba ya wakfu, uchochoro wa nyuma ya Mkunazini, yeye kaachwa, mimi nimefiwa. Kazi yangu ilikuwa kusaga singo: karafuu, liwa, mrehani, maua ya mlangilangi, asumini, mkadi ukipatikana, halafu marashi ya mawaridi ya kukandia. Dada hakuniamini sana. Alikuwa akichukua kidogo kwa ncha za vidole, anakisugua kwenye ngozi ya mkono wake, anasema, "Bado kina mchanga. Unataka mtoto wa watu achubuke?" Narudi kwenye jiwe la kusagia.

Bibi harusi ninayemkusudia alikuja kwetu na mama yake, ambaye naye alisingwa na mama yetu. Ndivyo ilivyo kwetu, nyumba haihami somo ila kwa ugomvi. Binti mwenyewe alikuwa akisoma chuo kikuu, na siku hiyo alikuja moja kwa moja kutoka maabara.

"Shikamoo somo."

"Marahaba mwanangu. Hebu sogea nikunuse. Nini hii, spitali?"

"Spiriti, somo. Sikuwahi kupita nyumbani."

"Basi mwaka huu kazi nnayo. Wenzako huja wananuka vitunguu, wewe wanuka spiriti. Nikikukaribia na chetezo cha udi si utawaka?"

Mama yake alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ushungi. Binti naye akacheka, kisha akaeleza kazi yake, na aliieleza vizuri, maana hata mimi nilielewa. Kuna bakteria, alisema, ambao zamani antibayotiki ziliwaua, na sasa wameshazizoea. Watu wamezimeza ovyo, nusu nusu, bila ya kupimwa, na wale waliosalimika wakazaana. Sasa mtu analazwa na kidonda kidogo tu, anapewa dawa, na wale wamo ndani wanaitizama.

"Hao nawajua," dada alisema. "Mume wangu wa mwanzo alikuwa hivo hivo. Unasema naye, anakutizama tu."

Yule binti alikuwa akitafuta kwenye mimea kitu cha kuwaua. Toka mdogo alisikia kuwa msichana aliyesingwa hatoki majipu, ikamjia kwamba avipime vitu vya singo, kimoja kimoja, ajue kama ni maneno ya wazee tu au kuna jambo. Dada akaniambia nimfungie kila kitu mbalimbali. Nilimfungia. Nikaona fahari kidogo, kusema kweli, kuwa karafuu niliyoichambua kwa mkono wangu inakwenda maabara.

Halafu kukatokea la wembe.

Dada alikuwa na sukari kwa muda mrefu, na sukari ilikuwa imeshamla hisia za miguu. Alikuwa akivua kiatu hajui kama amekivua. Siku moja alikwenda kumpaka hina mwari mwengine, bibi harusi wa watu huko Mbweni. Kwenye kazi ile hapakosi wembe, wa kusafishia nywele na wa kukatia pembe ya karatasi ya hina. Aliukanyaga pale jamvini, hakuusikia. Aliona doa jekundu chini ya unyayo, na jamvi zima lilikuwa na madoa ya hina, akalifuta kwa kitambaa akaendelea na kazi. Aliporudi nyumbani nililiona na mimi. Lilikuwa limekauka, rangi ile ile ya hina iliyokaa usiku kucha, limeenea mpaka baina ya vidole.

"Umejimwagia," nilimwambia.

"Watoto wa nyumba ile hawatulii," alisema. "Wamenisukuma bakuli."

Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeshuku. Nadhani mwanamke mwengine, wa kazi nyengine, angeona wekundu mguuni angesema damu. Sisi macho yetu yalikuwa yamezoea kuona hina. Tulikuja kujua mguu uliponuka, na hapo kidonda kimeshafunga juu na ndani kimeoza.

Tulifanya wanavyofanya watu wote tunaowajua. Nilikwenda duka la dawa nikanunua vidonge vile vya rangi mbili, nikavifungua, nikamwagia unga wake juu ya kidonda, vyengine akameza. Mama yetu alitutibu hivyo tukapona, au tulidhani tumepona kwa hivyo. Dada alikuwa na vyake pia, vilivyobaki kwenye jino na kwenye kikohozi, amevifunga kwenye ncha ya kanga. Alivimaliza.

Hospitali tulikwenda tumechelewa, na nasema hivyo kwa haki, kwa sababu daktari hakutugombeza hata kidogo. Alikuwa kijana, mpole, akimwita dada "mama". Alipitisha kijiti chenye pamba kwenye kidonda, akapeleka kupimwa. Majibu yalipotoka alivuta kiti akakaa karibu yetu.

"Mama, hawa bakteria wako ni sugu. Karibu dawa zote tulizonazo hawazisikii. Ipo moja ya sindano, inawagusa kidogo, tutaianza. Lakini naomba tukukate vidole na kipande cha mbele ya mguu, sasa, kabla hawajapanda."

"Nikikatwa nitakaaje chini?" dada aliuliza.

Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa. Kazi yetu ni ya kukaa jamvini, kuchuchumaa, kunyanyuka, kumzunguka mwari. Somo wa kwenye kiti hayupo.

"Nina harusi mkononi," alisema. "Niachie nifikiri."

Yule binti aliposikia alikuja wodini siku ile ile. Alilia, halafu akauliza jambo ambalo lilionekana dogo: kama dada ataridhia wale bakteria waliotoka kwenye mguu wake apewe yeye maabara, awajaribu kwa vitu vya singo. Alieleza kuwa wakubwa zake lazima wakubali, na dada lazima akubali kwa ridhaa yake, na kwamba halitamfaa dada mwenyewe kwa lolote, ni utafiti tu. Haya aliyasema waziwazi, mimi nipo. Dada alisema, "Wachukue wote, mwanangu. Usinibakishie."

Akarudi baadaye na picha kwenye simu. Naikumbuka picha ile kuliko sura za watu wengi niliowazika. Kilikuwa kisahani cha kioo, na juu yake wametanda wale wadudu, weupe weupe kama utando wa tui lililolala. Juu yao ameweka vikaratasi vidogo vya duara, kila kimoja kimerovywa kwenye kitu chake. Kwenye antibayotiki tatu wadudu walikuwa wamejaa mpaka kwenye ukingo wa karatasi, hawajali. Kwenye liwa, hivyo hivyo. Mrehani, uwazi kidogo. Lakini kwenye karafuu, pembeni mwa kikaratasi pote palikuwa wazi, duara kubwa tupu, hapana kitu. Kama mtu aliyesimama na wengine wote wamemkimbia.

"Hii karafuu yangu?" dada aliuliza.

"Yako, somo. Kiini chake. Niliiloweka kwenye spiriti, nikaikausha, nikachukua kilichobaki."

"Na hawa waliokufa ndio wangu?"

"Ndio wako."

Dada aliishika simu kwa mikono miwili. Alikuwa akitabasamu kama tunapopewa habari ya mtoto kuzaliwa. Yule binti naye alikuwa na furaha, na sioni kwa nini asiwe nayo, alikuwa amehangaika na kazi ile. Kisha nadhani aliuona uso wa dada, kwa sababu alianza kusema haraka.

"Lakini somo, hii si dawa. Kwenye kisahani hamna nyama, hamna damu, hamna ini wala figo. Hata maji ya betri ukitia humo watakufa, na maji ya betri huwezi kumpaka mtu. Kiini hiki kikikolea hivi kinaunguza nyama nzima. Mpaka kiwe dawa lazima kipimwe sana, kwa wanyama, kwa watu, miaka."

"Nimekusikia."

"Usijipake, somo. Nakuomba."

"Sijipaki, mwanangu. Mie si mtoto." Akamrudishia simu. "Nitasubiri mtakapoitengeneza."

Binti akaondoka kaelewa kuwa dada ameelewa. Mimi pia nilielewa hivyo. Neno lile la kusubiri nililisikia nikaona ni adabu tu, mtu anavyosema inshaallah.

Siku chache baadaye daktari akaja na karatasi ya kusaini kukubali kukatwa. Dada akakataa.

"Mtanikata vipi mguu na dawa ishaonekana?" alimwambia. "Nimeiona kwa macho yangu. Wanakufa."

Daktari akanitizama mimi. Nikamweleza habari ya kisahani. Hakucheka wala hakuudhika. Alikaa, akamweleza dada yale yale ya nyama na damu na miaka, kwa maneno mengine, na dada akaitikia kila kitu, "Naam, daktari, naam," kisha akasema hasaini. Tulirudi nyumbani. Ile dawa ya sindano tuliifuata kila siku kwenye kituo cha afya, mimi namshika kwapa, yeye anachechemea na ndara moja ya mpira na mguu mmoja umefungwa.

Katika siku hizo alichangamka. Hilo ndilo nisilolisahau. Tangu aachwe sikuwahi kumwona kachangamka vile. Alikuwa akiwapigia simu mashoga zake anawahadithia kisahani, na kila akihadithia lile duara likikua. Jirani yetu wa ghorofa ya chini, mwanamke wa Tumbatu mwenye ulimi mkali, alimwambia, "Weye na karafuu zako. Ungekuwa tajiri zamani." Dada akamjibu, "Nikipona nitakusinga bure, labda utaolewa tena." Walicheka wote wawili. Nami nilicheka.

Alasiri moja aliniita. Mguu ulikuwa umeanza kuwa na rangi isiyo yake juu ya kifundo.

"Nisagie karafuu, mdogo wangu."

"Ya singo?"

"Unajua ya nini."

Nilichukua kinu nikakaa nacho. Karafuu ilikuwepo, kopo zima. Sikusaga. Nilitoka ukumbini nikampigia yule binti, nikamuuliza, na yeye akasema usimpake, mama mdogo, tafadhali, mrudisheni hospitali leo hii. Nilirudi nikamwambia dada alivyosema.

"Yeye kasoma," dada alisema. "Basi tumtii."

Nimelipima jambo hili mara nyingi na mizani haikai. Nikisema ningempaka angepona, namsingizia yule binti na daktari, na wao ndio waliosema kweli. Kidonda kilikuwa ndani, mfupani, karafuu ya kinu isingefika huko, ingemuunguza tu. Nikisema heri asingeionyesha ile picha, maana bila ya picha dada angekatwa vidole akawa hai, sina uhakika pia. Dada hakuutaka wembe wa daktari toka siku ya mwanzo. Labda asingepata karafuu angepata kisingizio chengine. Na mtu mwenye kazi yake, na jambo lililomfurahisha, na mwenye wadudu wenyewe yuko mbele yake, afiche? Ningekuwa mimi ningeonyesha. Hivyo kila mlango nikiufungua nakuta mtu mzuri kasimama nyuma yake.

Tulimrudisha kesho yake ana homa. Safari hii alisaini mwenyewe, na haikuwa vidole tena, ilikuwa chini ya goti. Kabla ya kuingizwa aliniuliza kama nimemkumbusha yule binti asikate kucha mpaka wiki ya harusi. Nikamwambia nitamkumbusha. Alitoka chumba cha upasuaji yuko hai, lakini wadudu walikuwa wameshaingia kwenye damu. Aliishi kidogo. Hakuzungumza tena la maana. Nilipokuwa namfuta uso alikuwa akivuta harufu ya mkono wangu.

Alizikwa baada ya sala ya alasiri. Waliomkosha waliniambia kuwa kucha zake za mikono zilikuwa bado na hina.

Harusi ya yule binti iliahirishwa, kisha ikaharakishwa kwa kuwa bwana harusi alipata safari. Alikuja peke yake, mama yake hakuja, nadhani aliona haya. Alikaa mlangoni hakupita ndani.

"Nimekuja kukuomba unisinge, mama mdogo."

"Masomo wako tele mjini."

"Wako."

"Mie si somo. Mie nilikuwa nasaga tu. Kila siku akinirudisha jiweni."

"Najua. Alinambia." Akatizama vidole vyake, nikaona kucha kaziachia ndefu kama alivyoagizwa. Nilikuwa sijamkumbusha. Kumbe dada alishamwambia.

Nikasema sawa.

Nilisaga mchana, madirisha wazi, kanga nimeifunga puani. Yule wa Tumbatu alipanda juu kunisaidia kuchambua maua, hakusema neno la mzaha hata moja, na hilo likaniliza zaidi kuliko angesema.

Tulikwenda kwao yule binti, chumba cha ndani, jamvi jipya. Nilianza mgongoni. Singo yangu ilikuwa na mchanga, naijua, lakini hakulalamika. Nilipofika kwenye mabega akaanza kuzungumza, kanipa kisogo, nadhani hivyo ilikuwa rahisi.

"Una hasira na mie, mama mdogo?"

Sikutaka kumdanganya mwari kwenye jamvi lake.

"Ziko siku nnazo," nilisema. "Siku nyengine sinazo. Leo sijajua bado."

Akaitikia kwa kichwa. Nikaendelea kusugua. Baadaye akasema, "Wale bakteria wake bado wapo."

"Wapi?"

"Maabara. Tumewahifadhi kwenye baridi kali. Wamelala. Ukiwatoa ukawapa chakula wanaamka."

Mkono wangu ulisimama. Dada chini ya mchanga, na wao wamehifadhiwa.

"Wana jina lake?"

"Hapana. Wana nambari."

"Mnawaweka wa nini?"

"Kila tunapopata kitu kwenye karafuu, kisafi zaidi, kisichounguza, tunajaribu kwao kwanza. Kwa sababu wao ndio wagumu. Sitawatupa. Mimi nikiondoka kazini nimeshawaambia wenzangu wasiwatupe."

Kuna kitu ndani yangu kilitaka kumwambia awamwagie maji ya betri, amalize. Na kuna kitu kilichofarijika, sijui kwa nini, kwamba kipo kitu kilichokuwa ndani ya dada yangu na bado kinafanya kazi. Vyote viwili vilikuwemo. Nilimwambia ageuke nimsugue mikono.

Hina nilimpaka siku iliyofuata. Mkono wangu si mzuri kwa maua, nilimchorea majani tu, ya mkarafuu, mawili mawili, kwa kuwa ndiyo niliyoyaweza. Nilipokuwa kwenye mguu wa pili tone likadondoka jamvini, jekundu, karibu na unyayo wake.

Nilichukua kitambaa nikalifuta, nikakinusa. Hina. Nikaushika unyayo wake mzima kwa viganja, nikautizama chini, baina ya vidole, kisigino, kila mahali, na yeye akaniachia, hakuuliza natafuta nini. Kisha nikabonyeza kwa kidole gumba pale ambapo wembe ulimkata dada.

"Unasikia?" nilimuuliza.

"Nasikia, somo."

Nikabonyeza na pembeni yake.

"Na hapa?"

"Nasikia."